Barua ya wazi kwa wakuu wa Utumishi: fungueni mlango wa kati

Kwa Katibu Mkuu Kiongozi,
na kwa Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.

YAH: WATAALAMU KUTOKA NJE YA SERIKALI NA MLANGO WANAOPITIA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyoona mvua. Kwa miaka 31 nilikuwa mtu wa masjala katika wizara moja pale Kivukoni, tangu enzi za taipu na karatasi za kaboni mpaka majalada yalipofungwa kwenye maboksi kupelekwa Dodoma. Yenyewe yalielekea Mtumba, kwenye mji wa serikali, mimi nikaelekea Tabata kustaafu. Wizara siitaji, haikuwa mbaya kuliko nyingine. Barua hii haina kumbukumbu namba wala haitapewa folio, ile namba ya karatasi jaladani, kwa hiyo hakuna atakayeiandikia "hifadhi jaladani" akaisahau.

Kila huduma ya serikali inapokwama, Dar es Salaam ina jibu moja. Utalisikia kwa kinyozi, utalisikia ndani ya mwendokasi ukiwa umesimama kutoka Kimara hadi Kivukoni, utalisikia kwa wasomi wanaohojiwa redioni: leteni watu wa sekta binafsi waje wafanye kazi kama inavyofanywa kwenye kampuni. Tangu Dira ya 2050 izinduliwe Julai 2025 wimbo huo umepanda sauti, maana kila aliyeisoma ameanza kujiuliza ni nani hasa ataitekeleza. Mimi sina ugomvi na watu wa nje. Nimefanya nao kazi, nimewapelekea majalada, mmoja nilimlilia alipoondoka. Ugomvi wangu ni mlango tunaowapitisha.

Serikali yetu ina milango miwili kwa mtu aliyekulia nje yake. Wa chini ni tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Hapo unaingia ukiwa afisa Daraja la II, hata kama kazi hiyohiyo umeifanya miaka kumi na tano mahali pengine, na jina lako linaingizwa kwenye tange, ile orodha ya ukuu kazini, pamoja na kijana aliyemaliza chuo juzi. Wa juu ni uteuzi, ule ambao mjini tunauita mkeka. Mkeka unatoka usiku, asubuhi mtu aliyekuwa benki ni bosi wa taasisi, na uteuzi unaanza mara moja. Hata baraza la mawaziri linatumia mlango huo: kwa kuwa Katiba inataka waziri awe mbunge, Rais akimtaka mtaalamu asiye na jimbo humpitishia kwenye zile nafasi kumi za ubunge wa kuteuliwa. Ndivyo Dakta Philip Mpango alivyoingia mwaka 2015 akawa Waziri wa Fedha.

Katikati pana ukuta. Afisa mwandamizi, afisa mkuu, mkuu wa kitengo, mkurugenzi msaidizi: huko unafika kwa kupanda ngazi za ndani tu, daraja kwa daraja, ukisubiri muundo wa utumishi na kibali na bajeti vikubaliane siku moja. Wakala na mashirika hutangaza nafasi za umeneja mara mojamoja, nakiri. Wizarani ni nadra mno.

Na kazi ya serikali, waheshimiwa, inafanyika huko katikati. Waziri hana muda wa kusoma zabuni ya kurasa mia nne. Anasoma dokezo la kurasa mbili lililoandikwa na afisa mkuu, likanyooshwa na mkurugenzi msaidizi, na aya yake ya mwisho inayoanza "Kwa kuzingatia hayo, napendekeza" ndiyo inayogeuka kuwa uamuzi wa serikali. Aliyeandika aya hiyo hajulikani mtaani na hatokei kwenye mkeka. Akiwa anaijua kazi, nchi inapona. Akiwa haijui, hata malaika akikaa juu yake atasaini makosa.

Niwape mfano wa mlango wa chini kwanza. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ana miaka zaidi ya ishirini benki. Kazi yake ni kukamata wizi wa mtandaoni: mtu akihamisha fedha saa nane usiku kutoka akaunti ambayo haijaguswa mwaka mzima, mfumo unapiga kelele na yeye ndiye anayeamshwa. Mwaka juzi aliona tangazo la nafasi ya TEHAMA serikalini, inayohusu ulinzi wa mifumo. Alikuja kwangu Jumapili, simu mkononi, kidole kimebandikwa kwenye masharti ya jumla, sharti la kwanza kabisa: mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kazini serikalini. Yeye alikuwa na 46.

"Mjomba," akasema, "kumbe mimi ni mzee."

Nami niliye mzee wa kweli nikakosa la kumjibu, nikamwambia anywe chai.

Sharti lenyewe nalielewa linatoka wapi, nimelipanga kwenye majalada miaka mingi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Ukitoa 45 unabaki na 15, na miaka 15 ni miezi 180, ambayo ndiyo michango inayomfanya mtu astahili pensheni. Anayeingia na miaka 46 kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni atafika 60 pensheni haijatimia, hasa kwa kuwa tangu mifuko ya pensheni iunganishwe mwaka 2018 mtumishi wa umma yuko PSSSF na mwenzake wa sekta binafsi yuko NSSF. Sawa. Lakini hiyo ni hesabu ya mfuko, na sisi tumeigeuza kuwa kipimo cha ubongo. Ajira za mkataba zipo serikalini tangu zamani, na mtu wa mkataba akimaliza hulipwa kiinua mgongo akaenda zake. Mpwa wangu hakuwa anaomba pensheni. Alikuwa anaomba kazi.

Tazameni pia upande wa pili wa sharti lile. Mwenye miaka 52 aliye ndani anaruhusiwa kuomba. Kwa hiyo tatizo si umri. Tatizo ni kuwa nje.

Sasa mlango wa juu.

Tulipata mkurugenzi kutoka kampuni kubwa ya mjini. Nitamwita Mama Mkurugenzi, maana jina lake ni lake. Jumatatu ya kwanza alituita wote, mpaka sisi wa masjala ambao huwa hatuitwi, akauliza swali moja: hiki kibali kinachoombwa na wafanyabiashara, nani anaamua? Kimya. Mmoja wetu, aliyekuwa jasiri kidogo, akasema, "Inategemea." Akauliza inategemea nini. Kimya tena, feni inazunguka.

Wiki hiyo alituma maagizo kwa barua pepe, mengi, ya wazi, mazuri. Hakuna lililotekelezwa. Msidhani ulikuwa ubishi. Mhasibu hawezi kulipa kwa barua pepe, kwa sababu mkaguzi wa ndani ataandika hoja ya ukaguzi, hoja itapanda mpaka kwa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na siku ya kujieleza mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali atakayesimama ni afisa masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za wizara, ambaye atauliza dokezo liko wapi. Mama Mkurugenzi alidhani anadharauliwa. Wasaidizi wake walidhani anataka kuwafunga. Wote walikuwa watu wema.

Alinishangaza siku ya kumi au kumi na moja. Alishuka mwenyewe masjala, akavuta kile kiti chetu chenye mguu mmoja mfupi, akakaa. "Mzee, nifundishe hili jalada." Nikamfundisha: kulia barua, kushoto madokezo, folio kwa wino mwekundu kona ya juu, na hakuna kung'oa ukurasa hata ukiwa na aibu nao. Akachukua jalada la kibali kimoja, akaanza kusoma madokezo kwa sauti kama anayesoma utenzi.

"Kwa hatua zako."

"Kwa hatua zako muhimu."

"Naafiki. Kwa hatua zako zaidi."

"Nimeona. Kwa hatua zako tafadhali."

Meza tisa. Meza mbili tu ndizo zilizokuwa zimeandika jambo, nyingine zote zilikuwa zinasalimiana. Nilikuwa nimelipokea na kulipeleka jalada lile kwa mikono yangu mara zote tisa, na sikuwahi kuliona hivyo. Hilo ndilo jicho la mtu wa nje, na ndiyo sababu nawahitaji. Alizipunguza meza zikawa nne, na kibali kilichokuwa kikitoka kwa miezi kikaanza kutoka kwa siku. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alituletea maandazi sinia zima. (Tuliyala. Sijui Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi inasemaje kuhusu maandazi.)

Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, ukaisha, akaondoka. Kabla mwaka haujapita meza zilikuwa zimerudi saba. Sikumwona mtu mbaya aliyezirudisha. Zilirudi zenyewe, kama majani baada ya vuli. Hapakuwa na waraka, hapakuwa na mwongozo uliosainiwa. Mabadiliko yote yalikuwa kichwani mwake na kwenye kompyuta yake, na kompyuta aliikabidhi stoo.

Kuna mtu mwingine katika hadithi hii. Kabla ya Mama Mkurugenzi kuja, nafasi ile ilikuwa inakaimiwa kwa miaka minne na bwana mmoja aliyeanza kazi akiwa afisa wa chini kabisa. Miaka minne ya kusaini "kny:", yaani kwa niaba ya mwingine, ya kwenda vikao vya wakurugenzi akikaa kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba nafasi inajazwa. Aliusoma mkeka kama tulivyousoma sote. Asubuhi ile alimkabidhi mgeni funguo, akamwonyesha choo kilipo, akarudi mezani kwake. Hakuhujumu kitu, naapa. Aliacha tu kukumbusha. Mwongozo wa maandalizi ya bajeti ulipofika, tarehe ya kuwasilisha ikapita, kwa sababu mgeni hakujua kwamba kwetu tarehe iliyoandikwa kwenye barua si ile inayoangaliwa na watu wa bajeti, na aliyejua alikuwa ameacha kukumbusha. Fungu letu la mwaka uliofuata liliumia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona, aliugua.

Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya watu wa nje, na nashangaa tunavyoijadili kama jambo la jana. Mwaka 1972 tulishauriwa na kampuni ya Marekani, McKinsey, tukaleta Madaraka Mikoani, yaani kupeleka maafisa wa serikali kuu mikoani, na kuzifuta halmashauri. Za miji tulizirudisha mwaka 1978, za wilaya mwaka 1984. Washauri walishaondoka siku nyingi. Hapa Dar, mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wa umri wangu wanakumbuka: taka zilianza kuzolewa na makandarasi na vikundi katika kata nyingi zaidi, barabara zikapata mtu wa kuziuliza. Tume ilikaa hadi mwaka 2000, jiji likagawanywa kuwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ilikuwa ni mfano mzuri wa watu wachache wenye nguvu kufanya kazi, na bei yake ilikuwa wananchi kukaa miaka yote hiyo bila diwani wa kumlalamikia. Naitaja kwa heshima, lakini siiombi tena.

Kisha ikaja zamu ya mikataba ya menejimenti. Mei 2002 NetGroup Solutions ya Afrika Kusini ilikabidhiwa TANESCO, na mameneja wake waliingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamekasirika. Walikuwa hodari wa kudai: wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za serikali, walikatiwa umeme na makusanyo yakapanda. Walipoondoka mwishoni mwa mwaka 2006 tulikuwa kwenye mgao mkali, mabwawa yamekauka. Kukusanya madeni ni kazi moja, kujenga mitambo ni nyingine, na mkataba wa meneja haujengi bwawa. Ya City Water, kampuni binafsi iliyopewa maji ya Dar, mnayajua: mkataba wa miaka kumi ulioanza mwaka 2003 na kuvunjwa Mei 2005. Sisi wa Tabata tulikuwa na ndoo kabla yao, tukawa na ndoo baada yao.

Mfano ninaoupenda ni wa TRA, Mamlaka ya Mapato, na naomba mniruhusu niukalie kidogo. Ilipoanza Julai 1996 hakuletwa bosi mmoja akawekwa juu ya idara zilezile za kodi. Idara zenyewe ziliunganishwa, watumishi wakatakiwa kuomba kazi upya, wengine hawakurudi, mishahara ikapandishwa juu ya ile ya utumishi wa kawaida. Yaani mabadiliko yalianzia dirishani, yakapita katikati, yakafika juu. Haikuponya kila kitu. Makusanyo yaliruka mwanzoni kisha yakapunguza mwendo, na baadhi ya waliotolewa walikwenda kuwa washauri wa kodi, wakatumia ujuzi uleule upande wa pili wa meza. Lakini taasisi ilisimama, na mpaka leo imesimama, wakati mabosi wake wamebadilika mara nyingi.

Majirani zetu Wakenya walijaribu njia ya juu mwaka 1999. Rais Moi alimleta Richard Leakey kuwa mkuu wa utumishi wa umma, pamoja na kundi la wataalamu kutoka mabenki, makampuni na Benki ya Dunia, wakiwa makatibu wakuu. Magazeti yaliwaita "Dream Team". Mishahara yao ilikuwa mbali na ya wenzao. Machi 2001 Leakey alikuwa ameshajiuzulu, na wengine wakaondoka. Katiba yao ya 2010 ilikuja na njia nyingine: mawaziri si wabunge, na nafasi za makatibu wakuu zinapitia usaili wa Tume yao ya Utumishi wa Umma. Sisemi wamefaulu. Nasema walau mwombaji anajua mlango uko wapi.

Suala la mshahara ndilo linalowaogopesha wengi, nami naliogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma, kulikuwa na mpango ulioitwa SASE wa kuwaongezea fedha watumishi wachache waliohesabiwa kuwa muhimu zaidi. Wazo halikuwa baya. Lakini kwenye korido, ukimwambia mtu "wewe si muhimu" kwa maandishi, unapata kazi ya mtu asiye muhimu. Wataalamu wa nje wakija na posho zao tofauti na gari tofauti, yatajirudia. Walipwe kwa ngazi ya nafasi waliyoshinda, na wa ndani akishinda nafasi ileile alipwe vilevile, senti kwa senti. Wako watakaokataa kuja. Acheni wakatae. Mpwa wangu alishapiga hesabu, angepungukiwa, na bado alitaka.

Na msije mkadhani akili yote iko nje. Ile kontrol namba, namba ya kulipia huduma za serikali, ambayo leo mama lishe wa Buguruni analipia leseni kwa simu ni kazi ya watumishi wa serikali, wahandisi wetu wa mifumo, si zao la kampuni ya ng'ambo. Kabla yake nilikuwa naona watu wakibeba fedha taslimu kwenye bahasha kutoka dirisha moja hadi jingine. Waliojenga ule mfumo walikuwa ndani muda wote. Kilichohitajika ni mtu wa juu aliyekubali kuwaacha wafanye.

Nawaomba nini, basi?

Toeni sharti la miaka 45 kwenye nafasi za mkataba. Hilo halihitaji Bunge. Tangazeni nafasi za kati za wizara, kuanzia afisa mkuu hadi mkurugenzi msaidizi, zile zinazohitaji ujuzi ambao kweli haupo ndani: mikataba ya gesi na madini, ulinzi wa mifumo, uendeshaji wa bandari, uchambuzi wa takwimu. Sera ya Menejimenti na Ajira ya mwaka 1999 ilishazungumzia ushindani wa wazi, Sekretarieti ya Ajira ipo, chumba cha usaili kipo. Wa ndani na wa nje wafanye mtihani mmoja. Anayekaimu nafasi hiyo aitwe kwa jina, aambiwe kwa barua kwamba inatangazwa, na apewe nafasi ya kushindana. Akishindwa kwenye usaili ataumia, lakini atakuwa ameshindwa na mtu, hajapitwa na mkeka.

Mkataba uwe wa miaka mitatu au minne, na uwe na jambo moja la lazima ambalo Mama Mkurugenzi hakudaiwa: asiondoke kabla ya kuacha utaratibu mpya ukiwa umeandikwa, umesainiwa na kuingizwa kwenye mfumo. Msimpime kwa fomu. Nayasema haya kama mtu aliyekusanya fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa mtumishi, tangu mwaka 2004. Tulizijaza Juni kwa mwaka mzima uliopita, malengo na mafanikio kwa kalamu moja, mchana mmoja. PEPMIS, mfumo wa kompyuta, imekuja kuchukua nafasi yake, na naambiwa humo kila kazi inaonekana. Kuonekana ni jambo zuri, ila mfumo hauwezi kujua kama meza zimepungua au zimehamia kompyuta. Hata kwenye e-Ofisi, jalada la kompyuta, mtu anaweza kuandika "kwa hatua zako". Inaenda haraka zaidi, basi.

Kabla hajakalia kiti, mgeni apelekwe Chuo cha Utumishi wa Umma, Magogoni, wiki tatu. Si semina elekezi ya hotelini yenye begi na kalamu. Akae darasani na watu wa masjala na wahasibu, afundishwe dokezo, afundishwe Kanuni za Kudumu za utumishi, ajue hoja ya ukaguzi inazaliwaje. Na wa ndani nao waazimwe kwenda nje, mwaka mmoja bandarini kwa mwendeshaji binafsi au kwenye benki, kisha warudi na vyeo vyao vikiwa salama. Sijawahi kuelewa kwa nini safari hii ya ujuzi inapangwa iwe ya upande mmoja.

Jambo la mwisho ni zito na mnalijua kuliko mimi. Mtu anayetoka kampuni ya simu kuja kusimamia makampuni ya simu anakuja na marafiki. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni; kwa mgeni wa kati itakiwe pia atangaze aliokuwa anawafanyia kazi, asiguse majalada yao kwa muda maalumu, na akiondoka asirudi kwao moja kwa moja na siri zetu. Na asiwe kada wa chama aliyekosa jimbo. Mnakumbuka mjadala wa wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais ambao baadhi walidaiwa kuwa makada: Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wasisimamie uchaguzi, Oktoba Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwenye mahakama zetu lilikwisha. Mtaani halijakwisha, kwa sababu mtu akiingia bila tangazo wala usaili, wananchi hawaulizi amesomea nini, wanauliza ni wa nani. Tangazo na usaili vinamlinda hata yeye mwenyewe.

Majuzi nilikutana na yule bwana aliyekaimu miaka minne. Amestaafu, anafuga kuku Kitunda. Nilimuuliza kama angeshindana na Mama Mkurugenzi kwa usaili wa wazi, angeshinda? Alifikiri muda mrefu, akimwaga pumba. "Yeye angenipita kwenye kompyuta," akasema. "Mimi ningempita kwenye bajeti. Wangetuchukua wote wawili."

Mpwa wangu anatimiza miaka 48 Novemba.

Naomba kuwasilisha.

Mstaafu wa masjala,
Tabata, Dar es Salaam.